Mabohari ya Mabati ya Ukambani

Barabara itokayo Kibwezi kwenda Kitui, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi jekundu na mchanga uliowataabisha madereva, na ambayo siku hizi imetiwa lami kupitia Ikutha na Mutomo, inaunganisha miji miwili ambayo kila mmoja una bohari lake la kazi. Upande wa kusini, katika kaunti ya Makueni, ni bohari la mkonge katika shamba la Dwa, kando ya mji wa Kibwezi. Na upande wa kaskazini, Kitui mjini, ni bohari la kuchambulia pamba ambalo wenyeji hawalijui kwa jina lingine ila jineri. Nadra msafiri kusimamisha gari ili ayatazame. Mabohari ya namna hii, ambayo yalienea katika Afrika Mashariki yote katika miaka iliyofuata Vita Kuu vya Pili, hayana nakshi wala mnara wala mlango wa kujivunia. Ni nguzo za chuma, mabati ya mikunjo, sakafu ya saruji na madirisha marefu yaliyoingia vumbi, na mtu apitaye huyahesabu kuwa ni vyombo vya kazi tu, kama vile jembe au pipa, ambavyo vikiisha kuchakaa havina tena haki ya kukaa mahali vilipo. Nia yangu katika makala haya ni kuwatetea wazee hawa wa mabati, maana naamini kwamba tarehe ya watu wa Kitui na Makueni katika karne ya 20 imo ndani yao kwa wingi kuliko ilivyomo katika jengo lolote la mawe lililosalia katika kaunti hizo mbili.

Neno urithi, likitajwa mbele ya Mkenya, humpeleka pwani moja kwa moja. Ataitaja Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga Mombasa mwaka 1593. Atayataja magofu ya Gede, yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Ataitaja mitaa ya Lamu na milango yake. Ni haki kupatukuza mahali hapo, wala sina ghera napo. Lakini Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 haikuufunga mlango kwa majengo ya juzi: inakubali kwamba jengo la umri wowote, maadamu lina maana katika historia, utamaduni, sayansi, ujenzi au ufundi, laweza kutangazwa rasmi na Waziri na likapewa hifadhi. Fauka ya hayo, Katiba ya mwaka 2010 imeyataja makumbusho miongoni mwa kazi za serikali za kaunti, kwa hiyo mji wa Wote, makao ya kaunti ya Makueni, na Kitui hawana lazima ya kungoja Nairobi iwakumbuke. Upungufu uliopo si wa sheria, ni wa macho.

Basi na tuanze na mkonge wenyewe, ambao kwa jina ni mwenyeji na kwa asili ni mgeni. Waswahili waliuita mkonge, tangu kale, ule mmea wa porini wenye majani manene yenye mabaka, umeao chini ya vichaka vya nyika, ambao nyuzi zake zilisokotwa kuwa kamba. Na mwanzoni mwa karne ya 20 walowezi walijaribu kuusindika mmea huo wa porini kwa mashine huko Voi na papo hapo Kibwezi. Mkonge tuujuao leo, ule wa majani ya kijivu yenye mwiba nchani, ulitoka Meksiko. Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza vitoto 1,000 vya mmea huo kutoka Florida mwaka 1893, na vilipowasili katika pwani ya Tanganyika vilikuwa vimesalia hai 62 tu. Kutokana na hivyo 62 yakaenea mashamba ya Tanga na Morogoro, na baadaye ya Kenya, na lile jina la mmea wa porini likamkalia mgeni hata mwenyewe akasahauliwa.

Kwa nini shamba la mkonge likawa Kibwezi, na si mahali pengine katika nyika ile pana? Jibu ni maji na reli. Vilima vya Chyulu ni vya volkano, na mvua inyeshayo juu yake haifanyi mito juu ya ardhi, bali hunywewa na mawe yale meusi yenye matundu, ikapita chini kwa chini, ikatokeza mbali kwa chemchemi: Mzima upande wa Tsavo, na Umani na mto Kibwezi upande wa huku. Maji hayo ndiyo yaliyowavuta wamisionari wa Kiskoti waliopiga kambi Kibwezi mwaka 1891, wakakaa hata homa ya malaria ilipowashinda, wakahamia nchi ya Wakikuyu mwaka 1898. Reli nayo ilipita hapo katika safari yake ya kuitafuta Nairobi, ambako ilifika mwaka 1899. Mtu aliyetaka kulima mmea usioogopa ukame, lakini ambao usindikaji wake hunywa maji mengi na mzigo wake ni mzito, hakuwa na mahali pema kuliko hapo katika nchi yote iliyo kati ya Voi na nyanda za Athi.

Nasema usindikaji hunywa maji, na hapa ningependa msomaji aingie pamoja nami bohari, kwa sababu hoja yangu yote imesimama juu ya sakafu yake. Jani la mkonge, likikatwa, ni zito kwa utomvu. Katika kilo 100 za majani hupatikana kilo 4 hivi tu za katani, yaani nyuzi zake, na zote zilizosalia ni maji na nyama ya jani. Hesabu hiyo peke yake yatosha kueleza kwa nini kiwanda cha mkonge hakikai mjini penye viwanda vingine, bali hukaa katikati ya shamba lake au ukingoni mwake. Maana nani atasafirisha kilo 96 za takataka ili apate kilo 4 za mali? Fauka ya uzito, jani lililokatwa halingoji: likikaa sana hukauka, na nyama yake ikang'ang'ania nyuzi. Kwa hiyo mkataji, ambaye alikuwa shambani tangu alfajiri akifunga majani mafungu kwa mafungu, mikono yake ikiwashwa na utomvu na miguu ikichomwa na miiba, alikuwa amefungamana na mashine kwa saa, ijapokuwa huenda hakuingia bohari maisha yake yote.

Mashine yenyewe watu wa mashamba ya mkonge, tangu enzi za Tanganyika, huiita korona, jina lililotoka katika mtambo wa Kijerumani wa zamani. Majani hutandazwa juu ya mkanda unaotembea, watu wamesimama kuyanyoosha yasipandane. Hupondwa, hushikwa katikati kwa minyororo na kamba nene, na nusu ya kwanza ya jani hupita katika gurudumu kubwa lenye visu butu, visu ambavyo havikati bali hupiga na kukwangua, huku maji yakimiminwa mfululizo. Kisha mshiko huhamishwa, na nusu iliyosalia hupita katika gurudumu la pili. Kinachoingia ni jani la kijani lenye urefu wa mkono wa mtu mzima na zaidi. Kinachotoka, baada ya kishindo kisichozidi sekunde chache, ni fungu la nyuzi zenye rangi ya maziwa yaliyochanganywa na majani mabichi, zikidondosha maji. Nyuzi hizo hubebwa nje, zikaanikwa juani juu ya nyaya hata ziwe nyeupe, kisha hupelekwa chumba cha brashi, ambako vumbi huzagaa hewani na wafanyakazi hujifunga vitambaa puani, na mwisho hushindiliwa kuwa robota za kilo 250.

Sasa tazama jinsi bohari linavyoitikia kazi hiyo. Sakafu yake imeinama upande wa mfereji, kwa kuwa maji hayana budi yatoke pamoja na nyama ya majani. Upande wa kuanikia huachwa wazi, kwa kuwa katani mbichi ni nzito na mbebaji hapaswi kupinda pembe. Chumba cha brashi hutengwa kwa ajili ya vumbi, na ghala la robota huwekwa mbali na cheche. Ukiondoa mitambo yote na watu wote, na ukamleta mtu ajuaye kazi hiyo, ataweza kukuonyesha pale aliposimama kila mmoja, na huenda atakuonyesha na mahali sakafu ilipolika kwa nyayo za waliosimama hapo msimu baada ya msimu. Hao hawakuandika vitabu. Daftari za mshahara, pale zilipohifadhiwa, zilikuwa za mwenye shamba, na ziliandika jina na siku na senti. Sakafu ndiyo hati pekee waliyoiandika kwa miili yao wenyewe, na ndiyo maana naiweka sawa na maandishi ya kaburi la Gede.

Vita Kuu vya Pili ndivyo vilivyoupa mkonge wa Afrika Mashariki hadhi iliyokuwa haijaonekana. Wajapani walipoziteka Ufilipino na visiwa vya Waholanzi mwaka 1942, mataifa ya Washirika yalipotewa na katani ya Manila na mkonge wa Java kwa pamoja, na merikebu zao zikabaki zikitegemea kamba za Tanganyika na Kenya. Vita vilipokwisha, haja haikwisha. Ulaya ilikuwa na njaa ya kila kitu, na mkulima wa ngano aliihitaji kamba ya kufungia miganda kama alivyohitaji mbegu. Kisha vikaja vita vya Korea, na bei ikaruka hata ikafika kilele chake mwaka 1951, ikiwapa wenye mashamba fedha za mitambo mipya na mapaa mapya. Neema hiyo haikudumu. Bei ilianguka katika muda wa miaka miwili, na katika miaka ya 1960 nyuzi za plastiki zikaja kuchukua nafasi iliyosalia. Shamba la Dwa limeishi hata leo, likiwa miongoni mwa mashamba ya REA Vipingo, wakati mashamba mengi ya jirani zetu wa Tanzania yamebaki vichaka.

Lakini neema ya 1951 haikuwa ya walowezi peke yao, na habari hii yastahili kuelezwa polepole, kwa sababu husahauliwa. Katika nchi ya Wakamba mkonge ulikuwa umepandwa kuwa ua: uliweka mpaka wa shamba, ulizuia udongo usichukuliwe na mvua, uliwazuia ng'ombe wasiingie mahindini. Baada ya vita serikali ya kikoloni ilipoifungua nchi ya Makueni kwa makazi, nchi iliyokuwa pori la mbung'o, familia zilihamia huko na desturi zao za kulima na kugawa mipaka. Bei ilipopanda, nyua zikageuka mali. Watu walikata majani ya mpaka wao wenyewe, wakayakwangua kwa mkono, wakaipeleka katani sokoni; na fedha hiyo ilimlipia mtoto karo, ilinunua mabati ya nyumba, ilinunua plau. Hivyo mmea ule ule uliopita katika korona ya Kibwezi ulipita pia katika vidole vya akina mama vijijini, na hadi leo mama wa Makueni, ameketi kivulini na mguu mmoja ameunyoosha, huzisokota nyuzi juu ya paja lake kwa kiganja, mbele kisha nyuma, akisuka kyondo ambacho mamake alikisuka kwa nyuzi za gome la mbuyu. Sijaona bado kitabu cha sanaa za nchi hii kilichoviweka viwili hivi, bohari na kyondo, katika ukurasa mmoja. Nami naona ni ukurasa mmoja.

Yuko atakayesema kwamba kiwanda ni kumbukumbu ya dhuluma, na kwamba hakuna haja ya kuitunza nyumba ya mtu aliyetunyonya. Hoja hii haitaki kupuuzwa, hasa Ukambani, ambako kiwanda kimoja kiliingia katika siasa kwa mlango wa mbele. Mwaka 1938 serikali ilipoamua kupunguza mifugo ya Wakamba kwa nguvu, ikisema kwamba udongo unakufa kwa wingi wa ng'ombe, kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimejengwa hivi karibuni Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe wa bei nafuu. Watu waliona uhusiano wa mambo hayo mawili bila kuelezwa na mtu. Mwezi wa Julai umati wa wanaume, wanawake na watoto wa wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Makueni, ulikwenda Nairobi ukiongozwa na Muindi Mbingu, ukapiga kambi Kariokor kwa majuma kadhaa ukitaka kumwona Gavana. Gavana Brooke-Popham alikuja Machakos kuzungumza nao mwezi wa Agosti. Muindi Mbingu alikamatwa, akahamishiwa Lamu. Lakini unyang'anyi wa ng'ombe kwa nguvu ulisimamishwa. Mwaka 1950 Halmashauri ya Nyama ya Kenya iliundwa, ikakirithi kiwanda kile. Leo Nairobi inao mtaa wa jina la Muindi Mbingu, na maelfu hupita humo kila siku wakiwa hawana picha yoyote ya lile jengo lililoanzisha safari yake. Kwangu mimi hiyo ni sababu ya kulitunza jengo, wala si sababu ya kulibomoa. Kwa kuwa mtoto akiambiwa kwamba watu walitembea kwenda Nairobi kwa ajili ya ng'ombe, ataiona kama hekaya, lakini akisimamishwa mbele ya mlango walipoingizwa ng'ombe, ataelewa hesabu yake mara moja.

Na sasa tuuvuke mto Athi tuingie Kitui. Pamba ni mmea wenye sharti tofauti na mkonge: mkonge huzaa majani miaka saba na zaidi kabla ya kutoa mlingoti wake na kufa, wakati pamba huamuliwa na mvua za msimu mmoja, na mvua za Kitui si za kuaminika. Pamba ikitoka shambani bado imeshikamana na mbegu, na mbegu hizo ni kama theluthi mbili za uzito wote. Jineri ndiyo izitenganishayo, nyuzi zikaenda kushindiliwa robota, na mbegu zikaenda kukamuliwa mafuta au kurudi kwa mkulima zipandwe, mashudu yakiliwa na ng'ombe. Kwa hiyo jineri, tofauti na korona, ilikuwa na mlango wa umma. Mkulima mdogo alifika humo mwenyewe, na gunia lake mgongoni mwa punda, akasimama mbele ya mizani, na mbele ya mizani hiyo akajifunza namna bei inavyopangwa na mtu asiyemjua.

Nchi nzima ilifikia kilele chake cha pamba katika msimu wa 1984/85, robota zipatazo 70,000. Kisha ikafuata miaka ya malipo yaliyochelewa hata msimu mwingine ukaingia, halmashauri ya pamba iliyoishiwa fedha, na soko lililofunguliwa katika miaka ya 1990 likajaa mitumba. Mkulima wa Kitui aliyekwisha kupeleka pamba mara mbili bila kulipwa aling'oa mashina akapanda pojo. Jineri ikaanza kuishi maisha ya kufungwa na kufunguliwa, msimu huu ina kishindo na msimu ule ina popo. Wala watu wa Kitui hawajakata tamaa ya nguo: mwaka 2018 serikali ya kaunti, chini ya Gavana Charity Ngilu, ilifungua kiwanda cha ushonaji huko Syongila, na mwaka 2020, nchi ilipotafuta barakoa kwa hofu, kiwanda hicho kilizishona kwa maelfu. Nasikitika kwamba katika sherehe zote za kiwanda kipya, jineri kongwe haikupewa hata kibao cha kueleza kwamba Kitui ilishughulika na pamba kabla ya mashine za Syongila kuwaza kuzaliwa.

Je, naomba nini hasa? Siombi kiwanda kinachofanya kazi kifungwe ili kiwe jumba la kutazamwa. Kiwanda kinachofanya kazi hujihifadhi chenyewe, na ujira wa mtu ni mkubwa kuliko kumbukumbu yake. Siombi pia kila bati litunzwe, maana mengi ya mapaa ya zama zile yalikuwa ya asbesto, na afya ya watu haina mbadala. Wajerumani, ambao viwanda vyao vya chuma vya Völklingen vilizimwa mwaka 1986 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1994, walikuwa na hazina ambayo sisi hatuna. Lakini yapo mambo yasiyohitaji hazina. Ofisi ya kaunti yaweza kumtuma mpimaji mmoja na mchoraji mmoja, wakapima sakafu, wakachora mahali pa kila mashine, wakaandika jina la kila sehemu kama linavyotamkwa na wafanyakazi, kwa Kikamba na kwa Kiswahili, kabla jina hilo halijazikwa na mwenye kulisema. Yaweza kuwekwa sharti kwamba mtambo wa kale hauuzwi kwa kilo mpaka umepigwa picha na kuandikwa. Hatari hapa si ya kubuni: mwezi wa Januari 2022 serikali ililazimika kuipiga marufuku biashara ya chuma chakavu kwa muda, kwa kuwa hata nguzo za umeme zilikuwa zikifunguliwa boliti, basi korona iliyolala bila mlinzi itapona vipi? Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yameonyesha kwamba taa, filimbi na viti vya garimoshi, vitu ambavyo kila mtu aliviona takataka, vyaweza kuwakusanya watoto wa shule. Na hekalu la Makalasinga wa Makindu, ambalo mafundi wa reli walilijenga mwaka 1926 na ambalo hadi leo humlisha kila apitaye bila kumwuliza dini, linathibitisha kwamba katika Makueni jengo lililoanzishwa na watu wa kazi laweza kuishi karibu karne nzima bila kupoteza maana yake.

Nikiulizwa pa kuanzia, nitaanza na vile visu butu. Katika vijiji vilivyo nyuma ya Kibwezi bado wapo watu wanaoikwangua katani kwa mkono: huchukua ubao, huweka bapa la chuma juu yake, huliingiza jani katikati, mkono mmoja ukikandamiza na mwingine ukivuta; nusu ya kwanza ikiisha kutoka nyeupe hulizungusha jani, hushika zile nyuzi zilizokwisha kusafika, na kuivuta nusu ya pili. Ni mwendo ule ule wa korona, na mshiko ule ule unaohama katikati ya kazi. Mpimaji wa kaunti na achukue vipimo vya ubao huo pia, urefu wake na upana wake, na aviandike katika daftari moja na vipimo vya bohari.